Skrini Ilisema Lugha Gani? Historia ya Vibanda vya Kompyuta Vijijini, kutoka Kalkaji hadi Nakaseke na Gulu

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya vibanda vya kompyuta vya gharama nafuu vilivyopelekwa vijijini tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Mifano inatoka India, ambako mbinu nyingi zilijaribiwa mapema, na Uganda, ambako telesenta ya Nakaseke na kompyuta za ndani ya mapipa zilizoanzia Gulu zilipata umaarufu nje ya mipaka ya nchi. Historia hii kwa kawaida husimuliwa kwa bei ya mashine, umeme na setilaiti. Hapa inasimuliwa kwa lugha: skrini ilisema nini, nani alielewa, na nani alilipwa au hakulipwa kwa kumweleza jirani yake. Hoja ya makala ni kwamba hesabu ya "gharama nafuu" iliacha nje gharama moja kubwa, yaani kazi ya mtu aliyesimama kati ya mwanakijiji na skrini.

1.0 Utangulizi

Tarehe 26 Januari 1999, kompyuta moja ilipachikwa katika tundu la ukuta uliotenganisha ofisi ya kampuni ya NIIT na makazi duni ya Kalkaji, jijini New Delhi. Aliyebuni jaribio hilo, Sugata Mitra, hakuweka mwalimu wala maelekezo. Watoto wa mtaa ule, ambao wengi hawakujua Kiingereza, walianza kuichezea, na baada ya muda mfupi walikuwa wakifungua programu na kuvinjari intaneti. Habari hiyo ilisambaa duniani kote ikibeba ujumbe mmoja: weka mashine, watu watajifunza wenyewe.

Mimi ni mtafiti wa lugha, na kilichonivuta katika habari ile ni jambo dogo ambalo wengi hulitaja kwa kupita. Watoto wale hawakuwa na majina ya vitu walivyoviona, kwa hiyo waliyatunga. Kishale cha kipanya walikiita *sui*, yaani sindano. Alama ya saa ya mchanga, ile iliyojitokeza mashine ilipokuwa ikifikiri, waliiita *damru*, jina la ngoma ndogo yenye kiuno chembamba ambayo mungu Shiva huchorwa akiishika. Hawakusubiri baraza la lugha. Walitazama umbo, wakatafuta katika maisha yao kitu kinachofanana nalo, wakalipa jina.

Mwaka huohuo wa 1999, telesenta ya Nakaseke ilianza kazi katika eneo lililokuwa bado wilaya ya Luwero, takriban kilomita 60 kaskazini mwa Kampala. Ilikuwa moja ya telesenta za majaribio zilizopangwa kwa ajili ya nchi tano za Afrika, yaani Benin, Mali, Msumbiji, Tanzania na Uganda, kwa ushirikiano wa UNESCO, Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu (ITU) na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Kanada, IDRC. Kalkaji na Nakaseke hazikuwa na uhusiano wa moja kwa moja. Hata hivyo, zikiwekwa pamoja zinatupa swali la makala haya.

Neno moja kuhusu istilahi. Ninatumia *kibanda* kwa mashine moja au chache zilizowekwa mahali pa wazi au katika chumba kidogo, na *telesenta* kwa kituo kikubwa zaidi chenye simu, maktaba na mafunzo. Wapo wanaopendelea *kioski*. Kibanda kinanifaa zaidi kwa sababu masikioni mwa wasikilizaji wetu kinaleta picha ya biashara ndogo ya kando ya njia, na kama tutakavyoona, huko ndiko historia hii ilikoishia.

2.0 India: kijiji kilichosomewa

Wapanga sera wa Afrika Mashariki hutaja India kana kwamba ilikuwa na mpango mmoja. Ilikuwa na mingi, na ilitofautiana sana katika jambo hili la lugha na mpatanishi.

Mnamo mwaka 1998, taasisi ya utafiti ya M. S. Swaminathan ilianza kuweka vituo vya maarifa katika vijiji vya eneo la Pondicherry, kusini mwa India. Kijiji kinachotajwa zaidi ni Veerampattinam, cha wavuvi. Kila siku utabiri wa urefu wa mawimbi ulichukuliwa kutoka tovuti ya jeshi la majini la Marekani, ukafasiriwa kwa Kitamili, kisha ukatangazwa kwa vipaza sauti ili wavuvi wausikie kabla ya kuingia baharini. Tutazame hatua hizo kwa makini. Mvuvi hakugusa kompyuta. Hakuhitaji kusoma. Kazi kubwa ilifanywa na watu wa kijijini waliofunzwa, walioichukua habari ya Kiingereza iliyoandikwa kwa ajili ya wanamaji wa nchi nyingine na kuifanya tangazo la Kitamili la kusikilizwa ufukweni. Kipaza sauti ni teknolojia ya zamani kuliko kompyuta, lakini ndicho kilichoikamilisha kazi ya kompyuta.

Mwezi Januari mwaka 2000, wilaya ya Dhar katika jimbo la Madhya Pradesh ilianzisha mradi wa Gyandoot. Vibanda vyake viliunganishwa na ofisi za wilaya, na mwanakijiji aliweza kupata kwa Kihindi bei za mazao sokoni, nakala ya kumbukumbu za ardhi, maombi ya vyeti, na njia ya kupeleka malalamiko. Mhudumu wa kibanda alikuwa kijana wa hapohapo aliyetegemea ada ndogo za wateja. Mwaka uleule mradi ulipata tuzo ya kimataifa mjini Stockholm. Tathmini zilizofuata zilikuwa baridi zaidi kuliko sifa, kwani matumizi ya vibanda vingi yalikuwa madogo. Ninaona sababu moja ni ya msingi. Ombi lililotumwa kwa kompyuta lilikuwa na thamani pale tu ambapo karani wa upande wa pili alilijibu. Kibanda kiliweza kusema Kihindi kizuri sana, lakini ofisi isipojibu, Kihindi hicho hakina kazi.

Mwaka huohuo wa 2000 kampuni ya ITC ilianza vibanda vya e-Choupal kwa wakulima wa soya, navyo vikaongezeka hadi kufikia takriban 6,500. Hapa kompyuta iliwekwa nyumbani kwa mkulima mmoja aliyeaminiwa na wenzake, aliyeitwa *sanchalak*. Yeye ndiye aliyesoma bei na kuwaambia majirani, na kampuni ilimlipa kamisheni kutokana na mazao yaliyouzwa kupitia kwake. Mtu anaweza kuwa na mashaka na nia ya kampuni inayotoa bei na kununua mazao kwa wakati mmoja, mimi ninayo. Lakini hesabu yake ilikuwa kamili kwa maana moja: malipo ya msomaji yalikuwa ndani ya mpango tangu siku ya kwanza.

Serikali ya India ilipoidhinisha mwaka 2006 mpango wa kuweka vituo vya huduma laki moja vijijini (na *laki* yenyewe ni hesabu tuliyoipokea kutoka upande ule wa bahari), mhudumu alikuwa amekwisha kupata cheo rasmi cha mjasiriamali wa ngazi ya kijiji. Miaka minane ya majaribio ilikuwa imemhamisha mtu huyu kutoka pembezoni hadi katikati ya mpango.

3.0 Nakaseke: mahali penye kumbukumbu ya lugha

Nakaseke haikuchaguliwa katika nchi isiyo na historia. Iko ndani ya ile inayoitwa Pembetatu ya Luwero, uwanja wa vita vya msituni vya mwaka 1981 hadi 1986. Watu waliuawa, wengine wakahama, majengo ya umma yakaharibiwa. Telesenta ilikuja kama sehemu ya kuijenga upya sehemu hiyo, ikiwa na maktaba, simu, mashine ya kutoa nakala, kompyuta na mafunzo.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, kuna jambo jingine la kukumbuka kuhusu mahali hapa. Katika Uganda, Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi tangu enzi za ukoloni. Pendekezo la Gavana Gowers la mwaka 1927 la kukipa nafasi katika elimu na utawala lilipingwa na Kabaka Daudi Chwa, miongoni mwa wengine. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na jambo hilo halikukiongezea marafiki katika Buganda. Miaka ya vita ilipofika, mwanakijiji wa Luwero alikisikia Kiswahili zaidi kwenye vizuizi vya barabarani kuliko mahali pengine popote. Kwa hiyo mtu anayeshangaa kwa nini telesenta ya Nakaseke haikuanza kwa Kiswahili hajauliza swali zuri. Swali zuri ni kwa nini ilianza kwa Kiingereza, katika eneo ambalo watu huzungumza Kiganda nyumbani, sokoni na kanisani.

Jibu ni la kawaida tu: programu zilikuja kwa Kiingereza, vitabu vingi vilikuja kwa Kiingereza, na intaneti yenyewe ilikuwa ya Kiingereza. Hakuna aliyekaa akaamua hivyo. Matokeo yake yalionekana katika mambo ambayo watu waliyafuata pale. Mapitio ya telesenta za nchi kadhaa za Afrika, Uganda ikiwamo, ambayo IDRC iliyachapisha mwaka 2003, yalionyesha kwamba simu na mashine ya kutoa nakala ziliwavuta watu zaidi kuliko intaneti, na kwamba lugha na uhaba wa maudhui ya wenyeji vilikuwa miongoni mwa vikwazo. Simu husema lugha ya anayeipiga. Mashine ya kutoa nakala haina lugha. Kompyuta ndiyo pekee katika chumba kile iliyomtaka mteja abadilishe lugha kabla ya kuhudumiwa.

Kulikuwa na tukio moja lililokwenda kinyume na mwelekeo huo, nalo linastahili nafasi kubwa zaidi katika historia yetu. Kituo cha International Women's Tribune Centre cha New York, kwa ushirikiano na ofisi ya IDRC ya Nairobi, kilitengeneza sidiromu kwa ajili ya wanawake wa vijijini juu ya njia za kujipatia kipato. Iliandaliwa kwa Kiingereza na kwa Kiganda, na ilitegemea sauti na picha. Mwanamke asiyejua kusoma aliweza kubofya picha na kusikia maelezo yakitoka kwa lugha yake. Nakaseke ilikuwa mahali pa mwanzo pa kuitumia, na wanawake wa makamo na wazee waliokuwa wakiipita telesenta kama nyumba ya vijana na wasomi waliketi mbele ya mashine.

Haikuhitaji setilaiti wala intaneti. Ilikuwa diski moja. Kilichoifanya ifanye kazi ni kwamba mtu alikuwa amekaa mbele ya maikrofoni na kusema Kiganda. Lakini diski haikuendelezwa kuwa mkusanyiko. Mfadhili alipofunga awamu, hapakuwa na bajeti ya kurekodi nyingine, na maarifa ya diski huzeeka kama vile magazeti yanavyozeeka.

4.0 Kiswahili kinaingia kwenye mashine, lakini si kwenye kibanda

Huku upande wa Tanzania, telesenta ya Sengerema, mkoani Mwanza, ilikuwa na bahati ya lugha ambayo Nakaseke haikuwa nayo. Kiswahili kilikuwa tayari lugha ya ofisi, shule ya msingi na soko. Baadaye iliongeza redio ya jamii, na kwa mtazamo wangu redio ile ni ndugu wa kipaza sauti cha Veerampattinam: skrini inasomwa na mmoja, maelfu wanasikia.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kampuni ya Microsoft nayo ilitoa kifurushi cha Kiswahili cha Windows katika miaka hiyohiyo. Ilikuwa hatua kubwa, na walioifanya walifanya kazi ya kizalendo na ya kitaaluma ambayo wengi wetu hatukuwa tayari kuifanya. Hata hivyo, ni lazima tujiulize ilifika wapi.

Katika makongamano yetu ya miaka ile, mjadala mkali ulikuwa juu ya majina: *kompyuta*, *tarakilishi* au *ngamizi*, *kipanya* au *puku*, *nywila* au *nenosiri*. Ninakiri kwamba nilishiriki mjadala huo kwa furaha nikiwa mwanafunzi wa uzamili, na nilikuwa upande wa tarakilishi. Leo ninaona kwamba tuliitafsiri menyu na kuiacha fomu. Mwanakijiji haendi kwenye kibanda kufungua menyu ya "Hariri". Anakwenda kujaza ombi la cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake, kutazama matokeo ya mtihani, au kujua kama daktari wa mifugo atakuja. Menyu ikiwa kwa Kiswahili na fomu ikiwa kwa Kiingereza, bado atamhitaji mtu wa kumsomea, na mtu huyo hana haja na menyu ya Kiswahili kwa sababu ameizoea ya Kiingereza. Hivyo ndivyo programu nzuri ilivyokosa mtumiaji.

Ushahidi wa upande wa pili unatoka kwenye simu. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, menyu yake ilipatikana kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Ilikuwa na maneno machache sana: tuma, toa, nunua, weka namba ya siri. Hakukuwa na istilahi ya kubishania, na kila neno liliambatana na tendo ambalo mtu alikuwa na haja nalo siku ile. Zaidi ya hayo, kando ya menyu alikaa wakala, binadamu aliyelipwa kamisheni kwa kila muamala. Mbinu ya sanchalak wa Madhya Pradesh ilikuwa imefika kwenye kibanda cha muda wa maongezi.

5.0 Mapipa ya Gulu

Wakati huohuo, ofisi ya UNICEF nchini Uganda ilirudi kwenye wazo la Kalkaji. Iliunda kibanda cha kompyuta ndani ya mapipa ya chuma ya mafuta, kwa kutumia mafundi wa nchini, umeme wa jua na kibodi ngumu zinazostahimili vumbi na mikono mingi. Kiliwekwa mwanzoni Gulu, kaskazini mwa nchi, mahali palipokuwa pakitoka katika vita vyake virefu. Mwaka 2011 jarida la *Time* lilikiweka miongoni mwa ubunifu bora 50 wa mwaka.

Kwa upande wa uhandisi, nakisifu bila kusita. Pipa hupatikana kila mji wenye kituo cha mafuta, haliibiki kirahisi, na fundi wa kuchomelea anaweza kulitengeneza bila kuagiza kipuri ng'ambo. Lakini jina lake, *Digital Drum*, linasimama juu ya neno la Kiingereza linalomaanisha pipa na ngoma kwa pamoja. Kwa Kiswahili lazima uchague, na ukichagua *pipa* umepoteza ngoma. Ninalitaja hili, ingawa wasemaji wa Kiingereza wana haki ya kuchezea maneno yao, kwa sababu watoto wa Kalkaji nao walikuwa wameona ngoma ndani ya kompyuta, miaka kumi na zaidi kabla, wakaiita kwa lugha yao wenyewe. Huko ngoma ilitoka kwa mtumiaji kwenda kwenye mashine. Huku ilitoka kwa mbunifu.

Pipa lilibeba maudhui ya afya, elimu na ajira yaliyopakiwa tayari, na dhana yake ya msingi ilikuwa ileile ya tundu la ukutani, kwamba kijana atajifunza mwenyewe. Kijana aliyesoma shule kidogo anaweza. Mama yake, anayesema Kiacholi na aliyeikosa shule kwa miaka ya vita, hawezi, isipokuwa mtoto amsomee. Ndipo tunarudi kwa mpatanishi yuleyule, safari hii akiwa mtoto asiyelipwa na asiyewajibika kwa kosa la tafsiri.

6.0 Kinachoamuliwa sasa

Historia hii inagusa maamuzi yaliyo mezani. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kukipa nguvu hadhi hiyo na kukifanya somo la lazima. Kwa wakati huohuo, huduma za serikali za ukanda mzima zinahamia mtandaoni: kodi, vitambulisho, hati za ardhi, leseni. Wapo wenzetu wanaoiona hii kuwa nafasi ya kukiweka Kiswahili kwenye kila skrini ya umma kwa mkupuo mmoja. Ninakipenda Kiswahili na ninaishi kwacho, lakini ninawasihi wasifanye hivyo katika Nakaseke kwa amri. Lugha iliyowahi kufika kijijini na bunduki haitapendwa kwa kufika tena na fomu ya kodi. Iwekwe kando ya Kiganda, Kiacholi, Runyankore na nyingine, mtu achague. Itatumiwa na wanaoihitaji, nao ni wengi: madereva, wachuuzi wa mipakani, wakimbizi kutoka Kongo.

La pili ni sauti. Gharama ya kurekodi maelezo ya fomu kwa lugha sita ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya mashine za wilaya moja. Diski ya Nakaseke ilithibitisha hili zaidi ya miaka ishirini iliyopita, kwa teknolojia duni kuliko simu ya leo.

La tatu ni malipo ya mhudumu. Nchini Kenya kila mwezi Juni, tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi inapokaribia, foleni hujaa kwenye vibanda vya intaneti ambako vijana huwajazia watu fomu kwa ada. Hao ndio warithi halisi wa telesenta. Hawakuanzishwa na mfadhili yeyote, hawakupata tuzo, na hawamo katika mpango wa serikali yoyote niijuayo, ingawa bila wao huduma za mtandaoni zingewafikia watu wachache mno. Wanashika namba za siri za watu, namba za vitambulisho na siri za mapato, bila mafunzo na bila kiapo.

Miaka michache iliyopita niliingia katika kibanda cha namna hiyo katika mji mdogo wa Uganda ya kati. Zamani palikuwa mahali pa mradi. Skrini mbili za kizamani zilikuwa bado kwenye rafu, juu yake pamewekwa mikate. Mhudumu, mwanamke wa umri wa miaka thelathini hivi, alikuwa wakala wa pesa za simu, alitoa nakala, na alijaza fomu kwenye kompyuta moja ya mkononi. Alimsomea mzee mmoja fomu ya ardhi kwa Kiganda, mstari baada ya mstari, akirudia palipokuwa pagumu. Kisha akamgeukia dereva wa lori na kumweleza kwa Kiswahili chake cha barabarani namna ya kutoa fedha. Ukutani palikuwa na orodha ya bei iliyoandikwa kwa kalamu nene: kuchapa, nakala, picha, laminesheni, intaneti kwa saa. Nilimuuliza kusoma ni kiasi gani. Akaitazama orodha kana kwamba naye anaitafuta bei hiyo, akasema kusoma hakumo, wanaoweza humwachia chochote.